Babu hakufa maji, na ami hataki niandike

BARUA

Bi Mkubwa, asalaam alaykum na shikamoo. Mie ni mwalimu wa Kiswahili skuli moja ya sekondari huku kaskazini Pemba, nna miaka thalathini na kitu, na nna muswada ambao umeninyima usingizi kwa muda mrefu sasa, ndo mana nkaamua nikuandikie mana nshachoka kuzungumza na nafsi yangu.

Stori yenyewe ni hii. Sie nyumbani tumekuzwa tukijua babu mzaa baba kafa maji. Alikwenda dago, kambi ya uvuvi ya msimu, upande wa Malindi ya Kenya na wenziwe, chombo kikapotea, basi. Baba yangu kazaliwa babu keshaondoka, hamjui hata kwa sura. Kila mwaka bibi anamsomea khitma, tunapika, majirani wanakuja, watoto tunashiba, na mie nimekua nikimuona babu kama shahidi wa bahari. Bibi baadae akaolewa na mume mwengine akazaa, na mmoja katika hao ndo ami yangu ninaekuja kumtaja.

Sasa mwaka 2023 serikali ya Kenya ikawatambua Wapemba wa kule kuwa ni jamii katika jamii za nchi ile, wakaanza kupewa vitambulisho, habari zikazagaa kwenye simu, mapicha ya watu wameshika kadi zao wanalia, na picha moja ikarushwa kwenye grupu letu la WhatsApp mna bi mmoja kasimama kwenye foleni. Bi Mkubwa, yule ni baba yangu kavaa buibui. Wallahi vile. Pua ile ile, kidevu kile kile, hata kule kukunja uso kwa jua. Tukauliza, tukaulizia, watu wakaunganishwa na watu, na kwa ufupi ni kwamba babu hakufa maji. Alibaki kule, kaoa, kazaa, kavua mpaka uzeeni na kazikwa kule kule.

Skuli zilipofungwa nkafunga safari. Boti ya Wete mpaka Tanga, gari mpaka Horohoro mpakani, unagongewa pasi unaingia Kenya upande wa Lungalunga, matatu mpaka Likoni, kivuko, halafu tena safari ndefu ya Malindi. Nimepokewa mpaka nkaona haya. Shangazi (ndo yule wa picha) kanishika uso kwa mikono miwili kakaa hasemi kitu. Nkapelekwa kaburini. Pana na mjukuu wake, binti wa miaka kumi na nne, mjanja huyo, ndie aliekuwa akinizungusha. Akanambia mama yake miaka yote alikuwa anatumia laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina la jirani, mana bila kitambulisho husajiliwi, siku wakagombana kwa ajili ya kuku, jirani akenda akaifunga laini na hela zilizokuwemo zikenda nayo. Binti anasema yeye akifika umri tu kitu cha kwanza ni laini ya jina lake. Nikacheka tu.

Niliporudi nkaanza kuandika. Nataka riwaya ya vijana, wale wa miaka kumi na tatu mpaka kumi na saba, mana wanafunzi wangu hawana cha kusoma kinachowahusu kuhusu kukua kwao na asili yao. Nimeanza mbali ili waelewe: kimbunga cha 1872 kilivyoangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ikawa ndo shamba kubwa, halafu Sultani Khalifa, halafu rupia ilivyoondoka 1936 ikaja shilingi, halafu vyama na siasa, halafu ndo babu sasa: Januari 1964, kaskazi inavuma, anatweka tanga kuelekea Malindi na nyuma yake Mapinduzi. Nipo kurasa mia tatu na kitu na babu bado hajafika.

Matatizo ni haya. Wanafunzi wangu wa kidato cha pili nimewapa wasome, mmoja karudisha siku ya pili yake kaniuliza "Mwalimu, hii inatoka kwenye mtihani?" nkamwambia haitoki, akafurahi kweli na hajaichukua tena. La pili ni ami. Kasikia kwa watu, akaja nyumbani baada ya Isha, hakukaa, kasimama mlangoni kasema nikikichapisha kitabu hichi nisimwite ami tena, na kwamba maiti hafukuliwi. Bibi yuko hai, umri themanini na zaidi, hasemi, anasuka ukili wake, ukitaja Malindi anakuuliza kama ushakula. Baba anasema niandike lakini anasema kwa sauti ndogo. Tena mume wangu anasema niandike Kiswahili sanifu tupu au nchi nzima haitonielewa, mie naona wahusika wangu wakisema sanifu wanakuwa kama wanasoma taarifa ya habari. Na kuna mtu mjini kaniambia nimpe milioni na kitu atanichapishia haraka.

Niendelee au niache? Na kama naendelea, nimekosea wapi?

Mjukuu wa mvuvi, Pemba

JIBU

Waalaykumu salaam, marahaba mwanangu. Kwanza wasomaji wajue kwamba barua hii imebadilishwa, kwa ruhusa yako, mengine nimeyatoa na mengine nimeyahamisha, wewe ukiisoma utajijua lakini jirani yako asikujue. Iweke akilini hiyo mana tutaihitaji huko mbele.

Nianze na ami, ingawa najua ulitaka nianze na kurasa mia tatu.

Umeniandikia kama kwamba ami yako ni mtu mkaidi tu anaechukia vitabu. Hebu tuhesabu pamoja. Babu alikuwa hai. Hujataja popote kwamba alitoa talaka. Bibi akaolewa tena, na katika ndoa ile ndo kazaliwa ami. Sasa kila mtu mzima wa kijijini kwenu atakaesoma kitabu chako, kabla hajafika nusu, hesabu hiyo keshaipiga, na atakapokutana na ami yako msikitini atamtizama vyengine. Mzee wa watu hagombani na riwaya, anaogopa asije akaulizwa yeye ni mtoto wa ndoa gani, na kwa umri wake, ana wajukuu, ana heshima yake, hilo si jambo dogo. Ningekuwa mie nisingesimama mlangoni, ningeingia ndani nkauchukua huo muswada.

Na huenda hofu yake haina hata msingi. Mwanamke ambae mumewe kapotea, hajulikani yu hai au kafa, sheria yetu inampa njia, anakwenda kwa kadhi na ndoa inaweza kuvunjwa kwa faskhi. Inawezekana kabisa bibi yako alifanya hivo na kwa sababu kila mtu kaambiwa "kafa maji" hakuna aliemuuliza. Lakini hilo ni la kwenu ndani, mkaulize kwa kadhi au kwa sheikh mnaemwamini, kimya kimya, mie mwandishi wa safu silijibii na wewe mwandishi wa riwaya silo lako pia.

Ninachokwambia ni hiki: ndoa ya pili itoe kwenye kitabu. Si kuificha kwa jina jengine, itoe yote, bibi wa kwenye riwaya hajaolewa tena na hana mtoto mwengine. Ningekuwa naongea na mtu anaeandikia watu wazima pengine nisingesema hivi, mana humo mna riwaya nyengine nzito kabisa, lakini wewe unawaandikia watoto wa miaka kumi na nne, na mtoto wa miaka kumi na nne hashughulishwi na nikaha ya bibi yake. Kinachomuuma yeye ni kudanganywa. Kitabu chako hakipungukiwi kitu. Nenda kwa ami nyumbani kwake, kaa, kunywa chai yake, mwambie kwa mdomo wako "ami, habari ya ndoa ya bibi haimo wala haitokuwemo." Muswada usende nao, atafungua ukurasa mmoja tu na atauona ule usiofaa.

Halafu bibi. Siri hii mwenyewe ni yeye, si ami wala baba wala wewe. Nyote mnazunguka nyumba mnaulizana nani ana ruhusa na mwenye ruhusa yupo barazani anasuka. Usimwendee na simu ya kurekodi, usimwendee na daftari. Chukua miaa, kaa chini, suka nawe hata kama ukili wako utakwenda upande, na maswali yawe madogo. Alipokuwa akenda dago alikuwa anachukua nini? Nani alimfungia? Chombo kilikuwa cha nani? Siku ile nani alikuja kukwambia hatorudi, na ulikuwa unafanya nini? Usimuulize "kwa nini alikuacha" wala "kwa nini ulituambia kafa." Wazee wetu ukiwauliza kwa nini wanafunga mlango, ukiwauliza alivaa nini wanaweza kukupa usiku mzima. Na akikuuliza kama ushakula basi kula, urudi kesho.

Akisema moja kwa moja hataki, basi hataki, na hapo ndo ile habari ya kubadilisha barua. Toa bahari kabisa. Zamani watu wa Makunduchi na vijiji vya kusini Unguja walikuwa wakija Pemba msimu wa karafuu kuchuma, wanakaa miezi, wanarudi kwao na pesa. Mfanye babu ni mchumaji wa Makunduchi aliekuja Pemba msimu mmoja akawa hajarudi, kuna mke anamsubiri kusini na kuna mke wa pili Konde. Uongo ni ule ule, safari ipo, mtoto wa kuutafuta ukweli yupo, na hakuna mtu kijijini kwenu atakaenyoosha kidole. Kuna waandishi wanaona ukihamisha hivo umedanganya. Mie naona umeandika riwaya.

Haya, tuje kwenye kurasa mia tatu.

Nimezisoma zile sura ulizonitumia. Kalamu unayo. Kile kipande cha ng'onda zimeanikwa kwenye uchanja na mtoto kawekwa kufukuza kunguru na yeye mwenyewe anamega kidogo kidogo, nimekisoma mara mbili kwa raha zangu. Lakini kipo ukurasa wa mia moja na themanini! Mpaka kijana afike hapo keshapita kimbunga, Sultani, rupia, na chaguzi za siasa, na hakuna hata mmoja humo ndani wa umri wake. Yule mwanafunzi wako aliekuuliza kama inatoka kwenye mtihani kakupa uhakiki wa bure, kaona mwalimu anaongea. Wewe umeandika ili waelewe, na wao wanasoma ili wajue mtu fulani itakuwaje.

Na huyo mtu unae. Umempa mistari mitatu kwenye barua halafu ukasema "nikacheka tu." Binti wa miaka kumi na nne, mama yake ana laini ya jina la jirani, wamegombana kwa kuku, laini imefungwa na hela zimekwenda. Mwanangu, kitabu chako ndo hicho. Hakuna mwanafunzi wa kidato cha pili, Wete au Malindi, asiejua uchungu wa simu kuzimika na hela zimo ndani. Anaanza kusoma kwa ajili ya kuku na laini, na ndani ya kurasa kumi atajiuliza mwenyewe bila kufundishwa: huyu kazaliwa hapa, mama yake kazaliwa hapa, kwa nini hawana kitambulisho? Mvuvi anataka leseni, haipati kwa sababu hana kadi. Watu wanaishi nusu. Akishajiuliza hivo ndo umwambie ya 1963 na 1964, na hapo ataitaka historia kama mtu anaetaka kujua nani kaiba.

Na hayo ukiyatia yatie sawasawa, mana nimeona jambo moja kwenye sura ya babu ambalo mtoto wa wavuvi wa Kojani akilisoma atacheka mpaka alie. Umemtoa babu Pemba mwezi wa Januari, kaskazi inavuma, katweka tanga anakwenda Malindi. Malindi iko kaskazini yetu. Kaskazi inatoka huko huko anakokwenda, inampiga usoni, angepiga bisho mpaka achoke. Watu walikuwa wakipanda na mkia wa kusi, Septemba, Oktoba, bahari inaanza kutulia, wanapiga kambi kule, wanavua msimu, halafu kaskazi ndo inawarejesha nyumbani. Sasa tizama hadithi yako inavyonyooka ukiirekebisha. Babu kaondoka Oktoba 1963. Bibi ana mimba. Ahadi ni kwamba atarudi na kaskazi. Disemba kaskazi ikaja, Januari ikakaza, upepo wa kumrejesha mumewe unamvumia bibi uani kwake kila siku unamwangushia nguo alizoanika, na chombo hakiji. Hujaandika neno la siasa bado na msomaji keshabanwa.

Na siasa yenyewe ikija ni fupi na ni kali kuliko ulivoiandika. Babu alipoondoka hakwenda nchi ya nje. Ule ukanda wa maili kumi wa pwani ya Kenya, kwa makaratasi, ulikuwa milki ya Sultani wa Zanzibar, Muingereza akiuendesha tu, na bendera nyekundu ya Sultani ikipepea mpaka Mombasa kwenye Ngome ya Yesu. Oktoba hiyo hiyo ya 1963 ikatiwa saini kwamba ukanda unaingia Kenya. Zanzibar ikapata uhuru tarehe 10 Disemba, Kenya tarehe 12 Disemba, na 12 Januari 1964 yakaja Mapinduzi. Yaani mtu katandika jamvi lake ufukweni kavua samaki wake, miezi mitatu, na akitaka kurudi kwake sasa ni safari ya nchi kwa nchi na nyumbani kuna serikali nyengine asiyoijua. Aliogopa? Alipata mke? Vyote viwili? Hujui na huna haja ya kujua, bora zaidi usijue, kila mtu ndani ya kitabu awe na jibu lake na majibu yasifanane. Lakini hizo tarehe ziwe mdomoni mwa mtu, mzee anabishana na mzee mwenziwe juu ya mwezi gani, mmoja anasema bendera ilishashushwa mwengine anasema bado. Ukitaka kujua siku zile watu walikuwa wanasoma nini na kununua nini, siku ukija Unguja nenda Nyaraka, nyumba ya kumbukumbu za zamani, pale Kilimani uombe magazeti ya miaka hiyo, utoke na vitu viwili vitatu vidogo, bei ya kitu, tangazo la meli. Usitoke na sura nzima tafadhali.

Kimbunga cha 1872 kitoe. Najua kinauma, mana umekifanyia kazi. Rupia nayo itoke, isipokuwa kama bibi wa kwenye hadithi anayo moja kwenye sanduku lake na mjukuu kaiba kwenda kuiuza. Kila kitu cha zamani kikitaka kuingia kiulize, nani humu ndani anakihitaji leo? Kikikosa jibu kibaki nje.

Sasa msimuliaji nani, binti wa kule au wa huku? Mie ningewachukua wote wawili lakini macho ningeyatia kwa wa huku, kwa sababu yeye ndie hajui. Nikupe mfano, usiuchukue kama ulivyo, utengeneze wako. Bibi mzee anasema anataka kwenda kuzuru kaburi, hasemi la nani. Watu wazima wana shughuli, anatolewa mjukuu wa miaka kumi na nne amsindikize mana yeye ndo anajua kujaza fomu na kutumia simu, na yeye hataki, kuna harusi ya rafiki yake wiki ile. Boti ya Wete bibi anatapika, Tanga wanalala kwa mtu, wanafika Horohoro. Ofisa anauliza, bibi mnakwenda kwa nani? Mjukuu ndo anajaza ile karatasi, kashika kalamu, anamtizama bibi yake. Na bibi, ambae miaka sitini kamsomea huyu mtu khitma, mbele ya ofisa na foleni ya watu wenye mabegi, anasema "kwa mume wangu." Hapo mtoto ana kalamu mkononi na kila alichokuwa akikijua kuhusu nyumba yao kimekwenda, na nyuma yake watu wanamwambia aharakishe.

Unaona pale sijaeleza kwamba alishtuka? Karatasi ikae wazi tu, sura iishe.

Na hiyo ndo riwaya ya kukua. Wengi wanaoniletea miswada ya vijana wanadhani kukua ni kuvunja ungo, kupata mchumba na kuonywa na mwalimu. Vimo, si kwamba havimo, lakini kukua kwa huyu binti ni kwamba mwanzo yeye ndie anaefichwa, na mwisho yeye ndie anaejua, na karudi nyumbani kuna mdogo wake wa miaka saba anamuuliza babu alikufaje. Atamwambia nini? Akimwambia kafa maji keshakuwa mmoja wao, akimwambia kweli kamvunjia bibi yake. Mpe uamuzi huo na umwachie autoe mwenyewe, wewe mwalimu usiingie na chaki. (Na khitma iendelee kusomwa, kwa sasa inamfika kweli.)

Kuhusu safari yako mwenyewe, nimeona umeandika vituo vyote kwa mpangilio, boti, gari, matatu, kivuko. Hiyo ni ratiba. Msomaji akumbuke vituo viwili tu, lakini avikumbuke kwa pua na kwa miguu. Mikono ya shangazi kwenye uso wako ilikuwa inanuka nini? Nina hakika unajua na hujaandika.

Lugha, mume wako ana nusu ya haki. Masimulizi yawe Kiswahili ambacho kijana wa Iringa anakisoma bila kukwama, lakini watu wakifungua mdomo waseme kama wanavosema, bibi aseme kama bibi wa kwenu, "mumeo kenda wapi," "nshakula mie," na yule binti wa kule atie maneno yake ya Mombasa na Nairobi mana watoto wa kule ndo wanavosema, na hao wawili wasielewane, wachekane, mmoja anasema shule mwengine skuli. Kurasa za maelezo ya maneno nyuma usiweke. Na kwa vijana kurasa mia na ishirini, mia na hamsini zinatosha, sura fupi fupi.

Huyo wa mjini anaetaka milioni, mwanangu huyo ni mpiga chapa, si mchapishaji. Si vibaya kumlipa mpiga chapa ukijua unachonunua, lakini utarudi na maboksi ya vitabu na utavilalia wewe. Mchapishaji anaeutaka muswada gharama anabeba yeye. Kabla ya hapo yapo mashindano yanayopokea miswada ambayo haijachapishwa, ipo Tuzo ya Safal-Cornell ya fasihi ya Kiswahili iliyoanza 2014, na ipo Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, soma masharti yao kila mwaka mana yanabadilika. Hata ukikosa, tarehe ya mwisho itakufanya umalize.

Limebaki moja. Yule binti wa Malindi nae muombe ruhusa, na mama yake, mana kuku na laini ni mambo yao, na hela zile kwao zilikuwa hela kweli. Sidhani kama watakataa. Ukishapata, andika sura ya kwanza upya, mtumie kwa sauti kwenye simu, usome mwenyewe, usimwelezee kitu kabla. Akikurudishia meseji ya "halafu?" endelea na ya pili. Akikwambia "nzuri sana shangazi" na akanyamaza, ikate nusu umtumie tena.